Ugali wa Mama, simu ya mdogo wangu na mzee Atwater

Najua nimepotea. Tangu theluji ianze hapa Buffalo nimekuwa mtu wa kazini na kitandani tu, zamu za usiku tatu mfululizo, naamka jua limeshazama. Wengine mmeanza kuulizana kama nimeolewa kimyakimya. Sijaolewa jamani! Nilikuwa nasoma. Na niliyokuwa nayasoma yameanzia Morogoro, jikoni kwa Mama, kwa hiyo vuteni viti, leo ni darasa la historia.

Wengi mmesikia juu juu habari ya Mama kuzidiwa usiku. Wacha niieleze ilivyokuwa. Mdogo wangu wa mwisho amenipa ruhusa, mradi nisimtaje jina (wote mnamjua, lakini ahadi ni ahadi).

Mama ana kisukari. Anachoma insulini mara mbili kwa siku, ile ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, kwa kipimo alichopangiwa kliniki. Mdogo wangu kwa mapenzi yake akaona asaidie. Kwenye simu yake ana msaidizi wa akili mnemba, wa aina ile ambayo haijibu kichwani tu bali inakwenda kwanza kuangalia takwimu za vyakula. Akauweka ugali wa Mama kwenye mzani: gramu 400. Akauliza una wanga kiasi gani. Simu ikamjibu vizuri kabisa, tena ikamtajia na jedwali ilikotoa namba: wanga gramu 300 na ushei.

Nani asingeshtuka? Akaukata ugali wa Mama mpaka ukabaki tonge la ngumi moja. Sindano ya jioni ikabaki ileile. Saa tano usiku Mama akaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayashikani. Bahati nzuri alikuwa bado anaweza kumeza. Wakampa maji ya sukari, kisha uji. Kipimo kilisoma 2.6. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa mnajua 2.6 usiku kwa mama wa miaka sitini na tisa maana yake nini.

Asubuhi yake nilimpigia mdogo wangu nikamsema vibaya sana. Nilimwambia ana uvivu wa kufikiri, anakabidhi maisha ya mzazi kwa simu. Alinyamaza tu. Baadaye akanitumia picha ya jibu lenyewe, nami nikakaa nalo mezani nikitafuta kosa liko wapi. Kulitafuta kumenichukua wiki sita na miaka mia moja na thelathini.

Tuanze na hiyo mashine. Wasaidizi hawa walipoingia mitaani, ChatGPT Novemba 2022 na wenzake waliofuata, walikuwa wanajibu kwa kile walichokisoma walipokuwa wanafundishwa. Ukiuliza kuhusu chakula, wanakupa namba inayofanana na namba. Leo hii, kesho nyingine, na zote zinasemwa kwa uso mkavu. Wataalamu wakaona hilo ni tatizo, wakaanza kuwapa zana. Mwaka 2023 OpenAI walifungua njia ya msaidizi kuita programu nyingine katikati ya jibu. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa utaratibu wa wazi unaoitwa Model Context Protocol, ambao kwa lugha ya kwetu ni kama soketi moja ya ukutani: mtu yeyote mwenye takwimu zake anaweza kutengeneza plagi, na msaidizi yeyote anayeijua soketi hiyo akazitumia. Mwaka 2025 kampuni nyingine kubwa, OpenAI na Google zikiwemo, nazo zikaikubali.

Takwimu za vyakula zilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo watu walivikimbilia. Sababu ni kwamba Wizara ya Kilimo ya Marekani ina kanzidata yake, FoodData Central, iliyofunguliwa Aprili 2019. Ni bure, haina hakimiliki ya kukufunga, na ina mlango ambao programu yoyote inaweza kubisha hodi ikiwa na ufunguo wa bure. Kwa hiyo ukiuliza kuhusu chakula, msaidizi anageuza swali lako kuwa neno la kutafutia, anabisha hodi, anarudishiwa orodha ya mistari yenye majina na namba za utambulisho, anachagua mstari mmoja, anasoma kilichomo kwa kila gramu 100, anazidisha, anakujibu.

Mmeona hapo, "anachagua mstari mmoja"? Wekeni kidole hapo, tutarudi.

Hizo namba nazo zilitoka wapi? Hapa ndipo ninapompenda mzee Wilbur Olin Atwater. Alizaliwa mwaka 1844 Johnsburg, huko milimani katika jimbo hilihili la New York ninaloishi, akawa mkemia kwenye chuo cha Wesleyan, mji wa Middletown, Connecticut. Mwaka 1894 Bunge la Marekani lilitenga dola 10,000 kwa ajili ya uchunguzi wa chakula cha binadamu, na kazi akakabidhiwa yeye. Mwaka 1896, pamoja na Charles Woods, akatoa kijitabu namba 28 cha Wizara ya Kilimo: majedwali ya vyakula vya Wamarekani, vipimo karibu 2,600. Nyama kipande kwa kipande, maharage, samaki, unga. Pamoja na mwanafizikia Edward Rosa alijenga chumba ambacho mtu alifungiwa siku kadhaa, analala humo, anakula humo, wao wakipima joto lote linalotoka mwilini mwake. Ile hesabu tuliyokaririshwa chuoni, kwamba gramu ya protini inatoa kalori 4, ya wanga 4 na ya mafuta 9, ni ya kwake.

Na hili nililisahau kabisa tangu darasani: wanga kwenye majedwali ya Atwater haukupimwa wenyewe. Walipima maji, protini, mafuta na majivu, wakavitoa kwenye uzito wote. Kilichobaki ndicho kikaitwa wanga. Mpaka leo mistari mingi ya kanzidata ile imepatikana kwa kutoa hivyohivyo.

Atwater alikuwa na lengo jema. Alitaka mfanyakazi maskini ajue chakula gani kinampa nguvu nyingi kwa senti chache. Ila aliona mboga za majani na matunda kama anasa, maana kwa senti zako unapata kalori kidogo. Vitamini zilikuwa hazijapata hata jina. Neno lenyewe lilikuja mwaka 1912. Kwa hiyo jedwali lake lilikuwa sahihi na hapohapo halikuona. Hili nimeliandika kwenye daftari langu la kazini kwa wino mwekundu.

Sasa twendeni London, kwenye jiko la hospitali ya King's College. Miaka ya 1920 daktari R. A. McCance alikuwa anapima wanga kwenye matunda na mboga, mbichi na zilizopikwa, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari. Yaani kwa ajili ya akina Mama! Mwaka 1933 akakutana humo jikoni na msichana mkemia, Elsie Widdowson, aliyekuja kujifunza upishi wa hospitali. Msichana akamwambia kwa adabu kwamba namba zake za sukari ya matunda ziko chini, kwa sababu namna anavyopima inaharibu sehemu ya ile sukari. Daktari mwingine angemfukuza. McCance akamtafutia fedha wafanye kazi pamoja. Wakashirikiana miaka sitini, na mwaka 1940 wakatoa kitabu cha majedwali ambacho Waingereza wanakiendeleza mpaka leo. Walikazania jambo moja: mtu hali chakula kibichi. Pima kama kinavyofika mezani.

Na sisi je? Kwetu vipimo vilikuja na wakoloni. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao Kenya, wakilinganisha chakula na miili ya Wamasai na Wakikuyu. Orr huyo ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO. Baadaye Mwingereza B. S. Platt, aliyekuwa amechunguza lishe Nyasaland, Malawi ya leo, akatoa majedwali ya vyakula vya nchi za joto mwaka 1945, yakarekebishwa 1962. Mwaka 1968 FAO na Wamarekani wakatoa jedwali moja la kutumiwa Afrika nzima. Bara zima, kitabu kimoja!

Sisi tukaunda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973. Jedwali la Tanzania lenyewe, lile kubwa, likatoka mwaka 2008, kazi ya Muhimbili, Taasisi na Harvard, lina vyakula zaidi ya 400. Wakenya walitoa la kwao upya mwaka 2018, pamoja na kitabu kizima cha mapishi ya mchanganyiko chenye virutubisho vyake. Mtu aliyefanya hivyo ana akili, maana githeri hailiwi nusu mahindi peke yake, nusu maharage peke yake.

Lakini waliotengeneza la kwetu wenyewe walieleza kwamba sehemu kubwa ya namba zake zimeazimwa kwenye majedwali ya nje, likiwemo la Marekani. Siwalaumu. Kupima chakula kimoja maabara, virutubisho vyote, ni ghali, na fedha za wizara zinagombewa na malaria. Ila mjue kwamba unaweza kuuliza kuhusu chakula cha Dodoma, ukajibiwa namba ya chakula cha Wamarekani.

Nikiwa nasoma hayo nikakumbuka Louisville.

Mnakumbuka nilianzia Louisville, Kentucky. Kiswahili pale kinasikika kuliko mnavyodhani, kwa ajili ya ndugu zetu Wakongo na Warundi walioletwa kama wakimbizi. Nilifanya kazi kwenye kituo kimoja cha kusafisha damu, na alikuwepo mama Mkongo, figo zimekwisha. Mtu wa figo hatakiwi kujaza potasiamu, ikizidi moyo unasimama. Vipimo vyake vilikuwa vinapanda kila wiki na sisi tunamgombeza. Nilimpa karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, nikamtafsiria mstari kwa mstari: ndizi, machungwa, viazi, nyanya. Akanitazama akasema, "Binti yangu, hivyo vyote mimi sili. Mimi nakula bugali na lengalenga, siku nyingine sombe."

Lengalenga ni mchicha. Ndizi mbivu ina potasiamu miligramu 358 kwa gramu 100. Mchicha uliochemshwa una zaidi ya 600. Ndizi imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ile karatasi, mchicha hautajwi. Sombe, yaani kisamvu, ndiyo kabisa. Na ile namba ya mchicha ilikuwepo siku zote kwenye kanzidata ya Marekani, ila hakuna aliyejua kwamba lengalenga ndiyo hiyo. Mimi nilijua maneno yote mawili, na nilimkabidhi karatasi bila kufikiri. Miezi minne! Tulipobadilisha vipimo vilishuka, namshukuru Mungu. Lakini niambieni, mimi na mdogo wangu nani alikuwa na uvivu wa kufikiri?

Na angalieni kilicho kinyume chake. Miji yangu yote mitatu ina chakula kinachojulikana na mashine mpaka chembe ya mwisho ya chumvi. Louisville kulikuwa na makao makuu ya KFC miaka mingi. Columbus, nilikohamia baadaye, ndiko Wendy's ilikozaliwa mwaka 1969. Buffalo hapa ndiko kwa mabawa ya kuku, ya Anchor Bar, tangu 1964. Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya kila pakiti ya chakula kuwa na kibandiko cha virutubisho, vikaanza kuonekana kote mwaka 1994. Tangu Mei 2018 migahawa yenye matawi 20 na zaidi inalazimika kuonyesha kalori kwenye menyu. Kwa hiyo baga inajieleza yenyewe. Makande ya shangazi hayana kibandiko, na mama ntilie hana matawi 20. Mashine inakijua zaidi chakula ambacho sheria iliwalazimisha wenye nacho kukieleza.

Sasa turudi kwenye ule mstari. Nilipokwenda Columbus mwezi uliopita kwenye harusi, nilikaa na kijana wetu mmoja Mtanzania anayesoma kompyuta. Nikamwonyesha picha ya mdogo wangu. Akafungua kompyuta yake, akauliza swali lile kwa msaidizi asiye na zana yoyote. Mara tatu, majibu matatu tofauti. Kisha akamfungulia mlango wa kanzidata ya Marekani. Sasa jibu likawa lilelile kila mara: gramu 300 na ushei. Tukafungua ndani kuona alichagua nini. Alichagua unga mweupe wa mahindi, mkavu, wanga gramu 77 kwa gramu 100. Zidisha mara nne, unapata 308. Namba ya kweli kabisa, imepimwa na watu wenye shahada zao, ila Mama hali unga mkavu!

Niliporudi Buffalo nikafanya kama Widdowson. Nikapima unga gramu 300, nikasonga ugali wangu, nikapima ulipoiva: gramu 960. Wanga uliomo ni uleule wa ule unga, gramu 231. Gawanya: kila gramu 100 za ugali zina wanga gramu 24. Kwa hiyo gramu 400 za Mama zilikuwa na wanga gramu 96. Simu ilizidisha zaidi ya mara tatu, mdogo wangu akapunguza chakula, sindano haikupungua, sukari ikaanguka. Basi, hesabu imekwisha.

Msije mkasema dada amewakataza simu. Mashine inayoangalia kwenye jedwali naiamini kuliko inayobahatisha, maana inayoangalia inaacha nyayo. Nisingeona alichagua unga, ningeendelea kumlaumu mtoto wa watu. Yule kijana ameanza kuandika jedwali letu la 2008 mstari kwa mstari ili msaidizi alisome kabla ya la Marekani, na amemwekea sharti: asijibu kabla hajauliza, kibichi au kimepikwa? Nimemwongezea majina, mchicha na lengalenga, kisamvu na sombe, ugali na bugali. Jioni zangu za mapumziko ndiyo kazi yangu siku hizi. Mkiwa na majina ya kwenu ya mboga nitumieni, na mpishi wake anavyopika.

Na kwa wenye wagonjwa nyumbani, nawaomba kama muuguzi na kama dada yenu. Ukiuliza simu, iulize imetoa wapi, na ni mstari upi. Chakula cha mtu wa insulini usikipunguze peke yako, nenda kliniki, chakula na sindano vinapangwa pamoja. Na sukari au asali isikosekane karibu na kitanda.

Mdogo wangu, nilikukosea. Ulipima, uliuliza, ulisoma jibu, ukafanya kwa upendo. Mimi nina shahada na nilifanya kosa hilohilo kwa mama wa watu, bila simu. Nisamehe.

Mama amerudishiwa ugali wake. Jana nimeongea naye, ananiambia huo mzani sasa umekuwa mtawala wa nyumba, unakaa mezani kama mgeni wa heshima. Halafu akaniuliza swali: "Hao wazungu wako walipopima mahindi, walipima na yale tuliyokoboa, tukaloweka, tukaanika wenyewe?" Nikamwambia sijui kama yupo aliyepima, Mama. Akasema, "Basi njoo upime wewe."

Haya, zamu inaanza saa moja na gari limefunikwa na theluji mpaka madirishani. Nawapenda wote. Msalimieni Babu, mwambieni mchicha wa bustanini kwake una namba sasa.